Dada, usiyang'oe hayo magego kabla hujapiga eksirei

Ahirisha hiyo miadi ya Jumatatu ya kung'oa. Umeandika una miaka 34, magego mawili ya chini yametoboka na yanakukesha, umeambiwa yang'olewe uwekewe ya bandia, unauliza bei na kama yanabadilika rangi.

Mimi niliambiwa hayohayo nikiwa na miaka 33. "Ng'oa tu mama, utaweka ya bandia, nani atajua?" Nikatolewa magego manne ya chini ndani ya wiki tatu. Hata moja halikuwa limelegea! Matundu tu. Na yule bwana aliyening'oa, hela yangu kapokea, kuhusu mfupa hakutamka neno.

Mfupa unaoshika meno unaishi kwa ajili ya meno. Mzizi ukitoka, mfupa unaanza kuisha, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, na taya la chini ndilo linaloumia kuliko la juu. Ya bandia ya kuvaa na kuvua yanakalia fizi tu, hayauzuii mfupa kuisha. Mimi nilivaa yaleyale miaka tisa, nikilala nayo, bila kurudi kurekebishiwa. Meno yangu ya mbele yakabeba kazi yote ya kutafuna, yakalegea, nayo yakatoka.

Hapo ndipo uso ulipokwenda. Kidevu kimepanda kuelekea puani, midomo imezama ndani, pembe zake zimeinama, zinalowa mate na kuchanika. Kila asubuhi nazifuta kwa ncha ya kanga kabla ya uji. Krimu za mikunjo nimenunua mpaka nimechoka. Ngozi haina kosa, imekosa cha kuegemea. Na asiniambie mtu ni umri: dada yangu ananizidi miaka sita, tulipanda naye daladala, konda akasema "mpisheni bibi akae". Akanionyesha mimi.

Mzizi ukiokoleka, jino lisitoke. Nenda kwa daktari wa meno aliyesomea, mwambie apige eksirei, kisha muulize: mzizi huu unaweza kusafishwa na kuzibwa, jino likavikwa kofia? Akisema haliokoki, muulize habari za kipandikizi, yaani mzizi wa bandia wa madini ya titani unaoshikana na mfupa, kabla hajashika koleo.

Sijasema usitibiwe. Shavu likivimba au ukipata homa, nenda leo hii. Na ukishapata hiyo eksirei, rudi hapa utuambie alichokujibu.