Swali la msomaji: Rubani wa jeshi la majini anafikaje maabara?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Rau hapa Moshi, nasoma diploma ya maabara mwaka wa pili. Kabla ya hapo nilipita JKT na nilikua natamani sana kurusha ndege ila haikua riziki, sasa nyumbani wananiambia ile miaka nilipoteza tu. Juzi tunasubiri majibu ya ESR (kile kipimo cha kasi ya seli nyekundu za damu kuzama kwenye tyubu) mwenzangu akaleta stori kwamba kuna daktari alikua rubani wa jeshi la majini la Marekani afu akaenda kuwapima wenzake damu huko angani. Ni kweli? Jeshi la majini nalo lina ndege? Na damu inajitenga vipi kule wakati kila kitu kinaelea? – Mwanafunzi, Rau

JIBU: Mdogo wangu, ni kweli kabisa, na huyu mtu nyie wa maabara mnapaswa kumjua. Anaitwa Joseph Kerwin. Alimaliza udaktari chuo kikuu cha Northwestern huko Marekani mwaka 1957, akaingia jeshi la majini akasomea tiba ya marubani, ila hakuridhika kuwapima tu presha wanaoruka, akajifunza kurusha mwenyewe na 1962 akafuzu urubani. Ndege wanazo, tena nyingi, zingine zinaruka na kutua juu ya manowari katikati ya bahari.

1965 NASA, shirika la anga la Marekani, ikachagua wanasayansi sita wa kwenda angani. Kerwin na mwenzie Curtis Michel walikua tayari marubani, wengine ikabidi kwanza wakasomee kurusha ndege. Hilo waambie nyumbani, kwamba kuna mtu miaka yake ya jeshi ndo ilimtanguliza mbele ya wenzake kwenye foleni ya kwenda maabara ya angani.

Tarehe 25 Mei 1973 akaruka na Pete Conrad na Paul Weitz, wote watatu marubani wa jeshi la majini, kwenda Skylab, maabara ya kwanza ya Marekani angani. Yenyewe ilitangulia siku 11 kabla na iliumia ikiwa inapanda, ngao yake ya nje ikachomoka, bawa moja la sola likang'oka kabisa, la pili likabanwa na kipande cha alumini, kwaiyo umeme kidogo na ndani joto kali. Wakaanza kwa kutandaza kitambaa cha kuzuia jua, afu 7 Juni Conrad na Kerwin wakatoka nje, wakakikata kile kipande na kuvuta kamba mpaka bawa likafunguka. Huyo ni mtu wa vipimo jamani!

Ndani sasa ndo kwenye kazi yake, siku 28 anatoa damu, anapima moyo mtu akiwa anaendesha baiskeli ya mazoezi, mikojo inagandishwa ije kupimwa duniani. Kuna picha naipenda sana, anamkagua Conrad meno na kiti cha mgonjwa hakuna, basi Conrad kajigeuza miguu juu kichwa chini, daktari anachungulia mdomoni kama kawaida. Sampuli zile zilionyesha seli nyekundu zinapungua ukikaa angani na mifupa inapoteza kalsiamu, inatokea kwenye mkojo. Fikiria ungekosea kuandika lebo pale, mgonjwa mwenyewe keshashuka duniani, mwili wake si ule tena, utamtoa wapi sampuli ingine.

Sasa damu. Kuivuta haina shida, sindano inanyonya popote. Shida ni baada ya hapo, maana ESR yako inategemea seli zishuke chini kwa uzito wake, ndo unasoma milimita baada ya saa moja. Kule hakuna chini, ungeisimamisha ile tyubu ukasubiri saa nzima seli zisingezama. Kwaiyo waliweka mashine ya kuzungusha, sentrifuji kama mliyonayo hapo chuoni, ule mzunguko ndo unazisukuma seli upande mmoja plazima, yale maji ya damu, inabaki, afu inagandishwa mpaka siku ya kurudi.