Daftari limejaa, faida tutaionyeshaje?

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Nasimamia kompyuta sita za bure katika maktaba ya umma hapa Mombasa. Mfadhili anataka kuona faida yake kabla ya kulipia intaneti ya mwaka ujao. Nina daftari la waliotia sahihi tu. Litatosha? – Msomaji, Tudor

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Halitoshi. Nami nimekaa dawati kama hilo miaka mingi. Siku daftari langu lilipojaa kushinda zote ni siku mtandao uliposumbua tangu asubuhi. Watu waliingia, wakatolewa, wakajiandikisha upya, majina yakafika hadi pambizoni. Hakuna aliyetimiza haja yake. Wiki hiyo hiyo niliandika jina moja la mama aliyevuka feri kutoka Likoni na wanawe wawili, kumwombea kifungua mimba wake mkopo wa masomo wa HELB. Daftarini ni mtu mmoja, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja.

Chora safu mbili zaidi. Ya kwanza: umekuja kwa haja gani? Ya pili ndiyo nzito: kompyuta hii isingekuwepo, ungefanyaje? Mmoja atasema angekwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Huyo umemwokolea shilingi, zihesabu. Mwingine atasema ana laptopu nyumbani. Mwandike vilevile, usimfiche. Kisha yuko atakayekwambia, "Nisingefanya." Huyo ndiye unayemtafuta.

Marekani walifanya uchunguzi mkubwa wa namna hii. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Washington ya 2010 ilikadiria kwamba watu milioni 77, wa miaka 14 na zaidi, walitumia kompyuta au intaneti ya maktaba katika mwaka mmoja. Hawakukomea hapo. Waliwauliza walifanyia nini, na asilimia 40 walisema mambo ya kazi na ajira, 37 afya.

Kwenye afya, nakusihi, andika neno hilo tu. Ugonjwa wa mtu usiuandike, wala nambari ya kitambulisho.

Wanaokubali, wapigie simu baada ya miezi mitatu. Kijana akipata kazi bandarini, usiseme maktaba imempa kazi. Sema barua yake ya maombi ilichapwa na kutumwa kutoka mashine ya nne, na wewe ulimwonyesha namna ya kuskani cheti. Hizo dakika zako za kumwelekeza mtu ziandike pia, maana kompyuta peke yake isingemfikisha.

Mfadhili akija, mpe kwanza hesabu ya shilingi. Kisha msomee waliojibu "nisingefanya", mmoja mmoja, bila majina.