Sikuacha kusafiri, nilibadilisha namna ya kufika

Mleta mada, umeuliza kama mtu anayeumizwa na uharibifu wa mazingira aache kusafiri, maana kila tiketi unayokata inakusuta moyoni. Mimi niko Tanga na napenda safari tangu utotoni. Sikuacha.

Zamani likizo yangu niliikatakata: siku tatu Pemba, siku tatu Unguja, kila mara kwa vindege vidogo. Lita moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa karibu kilo 2.5 za hewa ukaa, na kupaa ndiko kunakokula mafuta zaidi. Visafari vifupi vya angani ni hasara juu ya hasara. Siku hizi likizo nzima naimalizia mahali pamoja. Mara ya mwisho ilikuwa Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara: basi hadi Muheza, kisha gari la kupanda mlima, wiki mbili. Siku ya tisa mwenyeji wangu alinipeleka kijitoni nikaona urujuani wa Usambara, yale maua wanayoyapanda vyunguni Ulaya, yameota yenyewe juu ya mwamba wenye kivuli. Mgeni wa siku moja hafiki pale.

Ila kilichonigeuza hasa ni Maziwe, kule Pangani. Wazee wanakumbuka kisiwa chenye mivinje. Leo ni fungu la mchanga, maji makubwa yanalifunika, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame. Basi tulifika, nahodha akatupa nanga, nami nikaingia majini na miwani. Chini nikaona nanga imenasa kwenye tumbawe la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Upepo ukaisukuma boti, kamba ikakaza, tumbawe likang'oka mbele ya macho yangu. Tumbawe la aina ile hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Nililia ndani ya miwani. Simlaumu nahodha peke yake, kwani asubuhi ile pale pwani mimi nilichouliza ni bei tu.

Tangu siku ile, kabla ya bei nauliza: unafunga kwenye boya au unatupa nanga, na ukitupa, unatupa wapi? Usione haya kuuliza. Nahodha mmoja alifurahi kweli, akanionyesha kwa kidole weupe wa mchanga ndani ya maji, akasema yeye hutupa nanga pale tu hata kama abiria wataogelea mbali kidogo. Huyo ndiye ninayemrudia.

Jua nalikinga kwa shati la mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta yatakayoishia baharini. Na siku naichagua kwa kalenda ya maji. Bamvua, yaani maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likipwa sana, miamba hubaki wazi na watu huikanyaga wakitafuta picha. Nenda siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi wala kushuka sana, mapema asubuhi, kabla upepo haujaamka.