Makovu ya Bibi

Mwaka juzi ulinikalia vibaya. Kazi iliisha Machi, pikipiki ikaua injini Juni, na mwenye nyumba akawa anadai kodi kabla ya kuitikia shikamoo ya watoto wangu. Rafiki akanishauri nianze daftari la shukrani, kila usiku niandike mambo matatu. Nikaandika wiki mbili: uzima, watoto, chakula. Uzima, watoto, chakula. Daftari likaishia kuandikwa madeni ya dukani, na huko lilifaa zaidi.

Kilichonisaidia ni uso wa bibi yangu kule Lushoto. Una vishimo vidogo vidogo kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, nami nimeviona tangu utoto bila kuuliza. Safari hiyo, nilipokwisha kulalamika, nikauliza.

"Ndui," akasema, huku anachambua maharage.

Kwao walizaliwa saba. Ugonjwa ulipoingia, wagonjwa walijengewa kibanda ng'ambo ya shamba, chakula kinaachwa njiani, na anayewauguza ni yule aliyewahi kuugua akapona. Ndugu wanne waliingia kibandani. Alitoka yeye peke yake.

"Wewe umeisikia tu," akaniambia, wala hakuwa ananisuta.

Usiku ule usingizi ulikawia. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani Mei 1980, miaka minne kabla sijazaliwa. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu! Akapona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio. Mama yangu ana kovu la chanjo ya ndui mkono wa kushoto. Mimi ninalo la kifua kikuu tu, begani kulia. Mkono wa kushoto ni mtupu, na huo utupu ndio nilioanza kuushukuru.

Kama nawe daftari limekushinda, nenda kwa mzee wa kwenu umuulize: watu wa umri wangu, enzi zenu, walikuwa wanakufa na nini? Dai jina. Ugonjwa upi, njaa ya mwaka gani, mto upi uliokuwa hauna daraja. Ukiambiwa "mabaya mengi" hutahisi kitu; ukiambiwa kibanda ng'ambo ya shamba, utahisi.

Ila dawa hii inywe mwenyewe. Jirani yangu alipovunjika mguu nilimwambia, "Shukuru hukufa." Akageukia ukutani mpaka nikaondoka, na alikuwa na haki. Wala usitegemee ikulipie kodi. Pikipiki yangu ilikaa bandani hadi Desemba.

Mwezi uliopita binti yangu mdogo alitimiza miezi tisa. Nikampeleka mwenyewe kliniki akachomwe chanjo ya surua, kazi ambayo siku zote nilikuwa namwachia mama yake. Foleni ndefu, nesi mkali, benchi moja watu kumi. Jioni bibi akapiga simu.

"Kalia?"

"Sana, bibi. Hadi walioko nje wamemsikia."

"Vizuri," akasema, akakata kabla salio halijamwishia.