Kabla hujapenda rangi ya nyoka, jua kwanza dawa yake iko wapi

Napata sana meseji za vijana, wengi wa hapa hapa Tanga, wengine Dar, kaka naomba unielekeze nataka kufuga nyoka wa njano, au yule swila mweupe nimemuona mtandaoni, nianzie wapi. Mi nimekaa na nyoka wa sumu miaka 11, nilianza kusafisha vizimba kwenye shamba moja lenye leseni upande wa Muheza mpaka nikaachiwa chumba kizima cha nyoka wa miti, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho.

Leseni sitaizungumzia sana. Kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori namba 5 ya 2009, huwezi kumshika mnyama wa porini ukamweka chumbani kwako ukasema umemuokota. Kama huna kibali usianze.

Sasa swali langu la kwanza kwa kila anayeniuliza rangi ni hili, akikuuma, dawa iko wapi? Wengi hapo wananyamaza. Chukua huyo swila mweupe anayependwa sana, wengi wao ni swila wa Asia, wa kule Thailand, ndiye amezalishwa miaka mingi akatoka albino wenye macho mekundu na wengine weupe kabisa wenye macho meusi. Mzuri kweli, sikatai. Lakini antivenomu yake, yaani dawa ya sumu yake, inatengenezwa Bangkok, ile ya Afrika Kusini ambayo ndiyo wengi huku wanaijua imetengenezwa kwa swila wetu, koboko, kifutu na ndugu zao, haikutengenezwa kwa sumu ya swila wa Thailand. Yaani umemleta nyoka Tanga na dawa yake umeiacha ng'ambo ya bahari. Na usidhani weupe umempunguzia sumu, jeni ya rangi na sumu ya kwenye meno ni vitu viwili tofauti.

Wa kwetu nao vile vile. Yule nyoka mdogo wa Usambara mwenye vipembe juu ya macho, wataalamu wanamjua tangu 1896, anatoka njano, chungwa, kijani cha zeituni, mpaka mweusi mweusi, na hizo rangi ni za msituni kabisa hakuna aliyezitengeneza. Jamii yake yote, ya Atheris, haina antivenomu iliyotengenezwa kwa ajili yake, na sumu yao inavuruga kuganda kwa damu. Kuna mtaalamu mkubwa wa Chicago, Karl Schmidt, aliumwa na bumslangi mchanga, nyoka wa miti wa Afrika ambaye sumu yake nayo inavuruga damu, mwaka 1957, akawa anaandika dalili zake mwenyewe kwenye daftari, kesho yake akafa. Huyo alikuwa amesoma nyoka maisha yake yote. Kwa hiyo mi chumbani siingii peke yangu, siingii nimechoka, ndoano iko mkononi kabla sijafungua kizimba, na kila kizimba kina kadi ya jina la nyoka ili nikianguka mwenzangu aichomoe aende nayo hospitali ya Bombo wasihangaike kubahatisha. Ukiumwa usichanje, usinyonye, usifunge kamba, tulia kiungo kisitikisike, uwahishwe hospitali.

Haya, tuje kwenye kuzalisha, maana hapa ndipo nilipokosea na bado kunaniuma. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na dume na jike wa hao wa Usambara, wa chungwa la kukolea, wazuri mno, wa mama mmoja, nikajua hilo na nikawaunganisha hivyo hivyo kwa sababu nilitaka rangi ile iendelee. Hawa hawatagi, wanazaa. Asubuhi nikakuta watoto 8 wamelala kwenye majani, watatu wamekufa ndani ya utando wao wa kuzaliwa, wawili migongo imepinda. Mmoja wa hao waliopinda alikuwa anajitahidi kweli, ukimsogezea chakula anarusha kichwa, anakosa, anarusha tena kinaenda pembeni, kwa sababu shingo haikuwa inaenda anakotaka. Nilimkalia wiki tatu. Alikufa.

Tangu hapo sinunui wala sipokei nyoka asiyekuja na daftari, mama nani, baba nani, alizaliwa lini, alikula nini. Na wale wanaokuambia hii jozi ya swila, ambao wao wanataga, lazima itoe albino waulize vizuri, albino wengi ni jeni ya kujificha, wazazi wote wawili wakiibeba bila kuionyesha basi kila yai lina nafasi moja kati ya nne, kila yai peke yake, si kwamba ukihesabu manne basi mmoja ni mweupe, unaweza ukapata mayai 12 usipate hata mmoja. Anayekuuzia uhakika anakudanganya.

Kingine usinunue kichanga kwa picha. Baadhi ya watoto wa Atheris wanazaliwa weusi weusi, ncha ya mkia ndo imepauka, halafu rangi inakuja taratibu miezi ya mbele. Jamaa mmoja alilipa hela nyingi kwa kitoto cheusi akaambiwa ni mofu mpya, yaani aina mpya ya rangi, baada ya miezi kadhaa kikawa cha zeituni kama mama yake.

Na joto jamani! Huyu wa Usambara ni nyoka wa ukungu wa msitu wa Amani kule milimani, wewe unamweka Ngamiani, mjini Tanga, chini ya bati mwezi wa pili. Atakataa kula, atakufa. Mi nilihamisha vizimba vyote kwenda kwenye chumba cha udongo, magunia mabichi dirishani, asubuhi na jioni napuliza maji kwa chupa. Wengi hawaendi kwenye bakuli, matone yanakaa kwenye magamba yao, halafu nyoka anainamisha kichwa anakunywa kutoka mwilini mwake mwenyewe, polepole, tone kwa tone. Ukiona hivyo ujue ana kiu.

Kuhusu wanaonitumia picha za nyoka waliotolewa msituni kwenye ndoo, wakitaka nitafute mteja wa nje, jibu ni hapana, na serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Kijana aliyeniletea mmoja wa njano amefunikwa na khanga nilienda naye kwa afisa wa wanyamapori, tukarudi wote watatu mpaka kwenye kijito alikomtoa.

Sasa hivi nina watoto 7, wiki ya tano, baba yao ni wa damu ya mbali kabisa na mama. Wote weusi. Sita wamekula, mmoja bado ananisumbua. Safu ya rangi kwenye daftari sijaijaza.