Mji wa Kigoma unakulia nje ya mpaka wake

Swali la wiki hii linauliza kwa nini watu wanahamia mijini, na wakishahamia nini kinabadilika. Majibu ya swali kama hili huwa yanaishia Dar es Salaam. Mimi nakaa Mwandiga, nje kidogo ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ningependa huku nako kutazamwe.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 215,458 katika manispaa yetu. Ya 2022 ikakuta 232,388. Ongezeko hilo halifiki hata asilimia 8, na katika miaka hiyohiyo mkoa mzima uliongezeka kwa asilimia 16. Mtu akisoma takwimu hizo peke yake atasema mji umelala. Basi aje Mwandiga jioni, aone bodaboda na daladala zinavyoshusha watu wanaotoka Mwanga na Kibirizi, huko mjini. Kazi yao iko mjini, watoto wao wanasoma mjini, lakini kwenye ramani ni wanakijiji. Mji unakua, tena kwa kasi, ila unakulia kwetu.

Kuhusu sababu, miji ya huku tangu zamani hufuata njia. Ujiji ulistawi enzi za misafara, mizigo ilipovushwa ziwani na kushika njia ya Tabora kwenda pwani. Reli ilipofika 1914 ikaishia Kigoma, penye ghuba nzuri ya meli, na Ujiji ukapoteza biashara yake kubwa. Barabara ya lami ya Mwandiga hadi Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, nayo imevuta watu kandokando yake. Ongeza hapo wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilizoanzishwa 2012: ofisi ikifunguliwa, mama lishe anafuata, fundi anafuata, nyumba za kupanga zinajengwa. Na huko milimani shamba la babu limeshagawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, mpaka anayebaki na kipande chake hawezi kulisha familia. Huyo hajakimbia kilimo. Hana pa kulima.

Linaloniuma ni michikichi. Mama mwenye michikichi yake anachemsha chikichi, anakamua mawese, anauza kwa dumu, na kokwa anazivunja kupata mise, yaani kiini cha ndani kinachotoa mafuta mengine. Ni pesa ndogondogo, lakini ada ya shule imetoka humo miaka nenda rudi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alianzisha kampeni ya kulifufua zao hili mkoani kwetu, na huku pembezoni mwa mji michikichi ya wazee inaangushwa kupisha viwanja.

Nimeshuhudia mauziano hayo zaidi ya mara moja. Dalali anahesabu hatua, mashahidi wanasaini karatasi, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, siku imekwisha. Hakuna anayeuliza njia itapita wapi. Kila mnunuzi anajenga mpaka ukingoni mwa kiwanja chake, na baina ya kuta kinabaki kichochoro cha baiskeli. Jirani yangu aliposhikwa na uchungu usiku, ilibidi wanaume wambebe kwenye kiti hadi barabarani, kwa sababu bajaji haikuweza kuingia. Masika nayo ina yake: Kigoma ni miteremko mitupu, na pasipo mtaro maji hushuka kwenye hivyo vichochoro, yanachimba makorongo chini ya misingi ya nyumba, kisha udongo wote unaishia ziwani tunakovua dagaa na migebuka.

Siwalaumu wanaouza; ugonjwa na ada havisubiri mavuno. Siwalaumu wanaonunua pia, maana kila mtu anahitaji pa kulala. Ila manispaa na halmashauri ya wilaya haziwezi kuendelea kupanga kana kwamba mpaka ule ni ukuta. Watu wanauvuka asubuhi na jioni, kwa hiyo barabara, mabomba na mitaro ipangwe kwa pamoja pande zote mbili, tena kabla ya viwanja kuuzwa. Kulipa fidia na kubomoa baadaye ni gharama kubwa kuliko kuchomeka vigingi leo.

Nimeomba mkutano mkuu wa kijiji ujadili jambo moja kwanza: kiwanja chochote kitakachouzwa kuanzia sasa kiache upana wa kupitisha gari, na mwenyekiti asigonge muhuri mpaka ameiona njia hiyo kwa macho yake.

Msomaji, Mwandiga, Kigoma