Dawa za kifafa zikiisha kabla ya siku ya kliniki

Ndugu, kwa kuwa umeuliza ufanyeje dawa za kifafa za mama zikiwa zimekwisha, asingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke leo kituo cha afya cha ngazi ya nne, au hospitali ya rufaa hapo Arua, Uganda, na daftari lake la matibabu pamoja na kile kibahasha cha dawa kilichobaki kitupu. Jina na miligramu zilizoandikwa juu yake zitamsaidia sana mhudumu. Nafanya kazi famasi, tafadhali usilipuuze hili: dawa ya kifafa kama fenobabitoni au kabamazepini ikikatizwa ghafla, kifafa chaweza kumshika mfululizo, hata kama amekaa miaka bila kuanguka. Asiazime vidonge vya jirani, wala asimeze dozi mbili kufidia ya jana. Akianguka na mtikisiko ukapita dakika 5, hospitali moja kwa moja.